Kufungua pasi, jagi la umeme na blenda zenye skrubu zisizokubali bisibisi ya kawaida

Pasi imezima ghafla. Unaigeuza, unakuta nyuma yake skrubu moja tu, na tundu lake ni pembetatu. Unajaribu bisibisi ya bapa, inateleza. Unajaribu ncha ya kisu, tundu linaanza kulika. Hapo ndipo swali linapoulizwa, nusu saa baada ya wakati wake: hii skrubu inafunguliwa na nini?

Inafunguliwa na biti (ncha ya bisibisi inayobadilishwa) yenye umbo lake na saizi yake, iliyozama mpaka mwisho wa tundu. Biti ikiwa sahihi, mkono mtupu unatosha kwa karibu skrubu zote za vifaa vya nyumbani. Ukiona unakunja uso na kutoa jasho, biti siyo yake.

Mtengenezaji ameziweka kwa sababu mbili: asiyejua umeme, mtoto hasa, asifike kirahisi kwenye nyaya, na matengenezo yabaki kwa mawakala wake. Ya pili unaweza kuipuuza. Ya kwanza usiipuuze hata siku moja. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na unaua.

Kabla ya kugusa skrubu

Hakikisha kwanza kifaa ndicho kibovu. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Kama plagi ya kifaa ina fyuzi, itoe uipime. Kagua waya pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye kifaa, maana waya wa pasi hukatikia hapo kwa kukunjwakunjwa huku ganda la nje likionekana zima kabisa.

Ukiwa na maltimita (mita ya kupimia umeme) utajua mengi bila kufungua chochote. Chomoa kifaa, washa swichi yake (jagi likae kwenye kitako chake), weka mita kwenye omu, kisha gusa pini mbili fupi za plagi. Pasi ya wati 1,000 itasoma karibu omu 53. Jagi la wati 1,500, karibu omu 35. Pasi ya mvuke ya wati 2,200, karibu omu 24. Hesabu yake, kwa vifaa vya kupasha joto tu, ni 230 mara 230, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Namba ikikaribiana na hiyo, njia ya umeme ni nzima kuanzia kwenye plagi, na tatizo linaelekea kuwa kwenye soketi. Mita isiposoma kitu, njia imekatika mahali fulani: fyuzi ya plagi, waya, swichi, fyuzi ya joto, thamostati (kidhibiti joto) au elementi (sehemu inayopasha joto). Sasa una sababu ya kufungua.

Kifaa kikiwa bado ndani ya waranti, kirudishe dukani na risiti yake. Ukishakifungua, usitegemee kukubaliwa tena.

Na kuna viwili ambavyo mwongozo huu hauvihusu. Cha kwanza ni maikrowevu. Ndani yake kuna kapasita inayochajiwa kwa takriban volti 2,000 na zaidi, nayo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kapasita nyingi zina resista ya kumaliza chaji hiyo, lakini resista ikifa hakuna dalili yoyote utakayoiona kwa macho. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeizoea. Cha pili ni mita ya LUKU. Ina lakiri, ni mali ya TANESCO, na kuichokonoa ni kosa kisheria.

Itambue skrubu yako

Tundu likiwa na vumbi na kutu, kila umbo linafanana na jingine. Lisafishe kwa kijiti cha meno, washa tochi, piga picha kwa simu kisha uikuze. Utakutana na mojawapo ya hizi:

- Pembetatu. Imejaa kwenye pasi, majagi ya umeme, adapta na vifaa vidogo vya bei nafuu. Saizi zinazouzwa ni 1.8, 2.0, 2.3, 2.7 na 3.0, zote milimita.
- Nyota ya ncha sita yenye kipini katikati. Hii ni Torx ya usalama. Kile kipini kinazuia biti ya kawaida kuingia, kwa hiyo unahitaji biti yenye tundu kwenye ncha, inayoandikwa T15H au TR15. Kwenye blenda, mashine za kahawa na pasi kubwa utakuta zaidi T10, T15 na T20.
- Mabawa matatu. Mistari mitatu inayokutana katikati, kama herufi Y. Iko kwenye vifaa vya kuchezea gemu na baadhi ya chaja.
- Macho mawili. Kichwa cha duara chenye matundu mawili madogo. Biti yake ni kama uma wa meno mawili.
- Yai. Kichwa chenyewe kimechomoza kikiwa na umbo la yai, na biti yake inakivaa kwa juu. Mashine za kahawa zinazipenda sana hizi.
- Ya upande mmoja. Inafanana na ya bapa, lakini pande zake zimechongwa mteremko ili bisibisi ikaze tu, ikirudi iteleze. Bisibisi ya kawaida haiifungui. Maelezo yake yako chini.

Ukikuta ua la petali tano, hiyo ni ya simu na kompyuta za mkononi. Kwenye jagi huwezi kuikuta.

Vifaa vya kuwa navyo

- Seti ya biti za usalama
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, ndogo na za kati
- Maltimita
- Kadi ngumu ya zamani, ya benki au ya laini ya simu, kwa ajili ya kuachanisha plastiki
- Dawa ya kutu ya kupuliza
- Kipande cha boksi, kalamu na tochi
- Plaizi ya mdomo mrefu, na ya kujifunga ukiipata

Kwenye seti ya biti ndipo wengi wanapotupa pesa. Maduka ya vifaa vya mafundi Kariakoo yana seti za aina mbili. Ya kwanza ina biti fupi nene za milimita 25, zenye shina la robo inchi, zinazovaa kwenye kishikio kinene. Ni imara, lakini skrubu ya pasi au blenda mara nyingi imezama sentimita 3 hadi 6 ndani ya tundu lenye upana wa milimita 6 hadi 8. Kishikio hakipiti. Unabaki unaiona skrubu na huifikii. Kabla ya kwenda dukani, ingiza kalamu kwenye tundu la kifaa, weka alama ya kina, na upime upana wa mdomo kwa rula. Kisha nunua biti ndefu za milimita 75 au 100, au ile seti ya pili ya mafundi simu yenye biti nyembamba za milimita 4 na shina refu jembamba. Hizi nyembamba zinafika popote, ila hazivumilii nguvu kubwa. Ukizikaza sana zinajisokota au kukatika ncha. Kwa mtu mwenye kifaa kimoja cha kufungua, bora kununua biti ndefu moja ya saizi husika kuliko seti ya biti mia za chuma laini.

Hatua kwa hatua

1. Chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona muda wote wa kazi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Waya zikiwa zimegeuzwa kwenye soketi, swichi inakata upande usiohusika na kifaa kinabaki na umeme.

2. Acha kipoe, mwaga maji. Pasi ipe saa nzima, kwa sababu bati la chini hukaa na joto kuliko unavyodhani. Jagi na pasi ya mvuke vigeuze juu chini vitoke maji yote.

3. Tafuta skrubu zote kabla ya kufungua hata moja. Hujificha chini ya miguu ya mpira, chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, na chini ya kibandiko. Pitisha kidole gumba juu ya kibandiko ukikandamiza. Kikibonyea, hapo pana tundu. Kwenye pasi, kuna nyingine hukaa chini ya kitufe cha kuzungusha joto, ambacho huvutwa tu kwenda juu. Plastiki nyingi huvunjika kwa skrubu moja iliyosahaulika.

4. Chora umbo la kifaa kwenye boksi, toboa matundu pale zilipo skrubu, na kila unayoitoa ichomeke mahali pake. Hazilingani urefu. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inaweza kutokea upande wa pili na kutoboa ganda la waya.

5. Chagua saizi. Anza na biti kubwa inayokataa kuingia, shuka moja moja mpaka ile ya kwanza inayozama bila kulegalega. Usianze na ndogo. Tofauti ya T15 na T20 ni kama nusu milimita tu. Biti ndogo itaingia, itazunguka kidogo, kisha itazilamba kona zote za tundu. Ukiishika biti na kuitikisa kushoto na kulia, skrubu na biti vitikisike kama kitu kimoja.

6. Simamisha bisibisi wima juu ya skrubu na uikandamize kwa uzito wa bega. Sehemu kubwa ya nguvu iende chini, ndogo izungushe. Kaza kwanza kidogo sana, kama robo ya robo duara, ndipo ulegeze. Kule kukaza kunavunja kutu. Utasikia mlio mfupi mkavu, na baada ya hapo inatoka kwa vidole.

7. Legeza zote nusu kabla ya kutoa moja yoyote, ili ganda lisivutwe upande mmoja.

8. Achanisha ganda kwa kadi. Iingize kwenye mstari wa maungio, itembeze taratibu mpaka ikutane na klipu, isukume klipu, sogea. Kisu na bisibisi ya bapa huacha makovu na kukata nyaya. Ikifunguka sentimita mbili, simama, mulika ndani. Waya fupi mara nyingi zimeunganisha pande zote mbili.

9. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote, upande wa kulia, wa kushoto na kwa juu.

10. Kama ni kifaa chenye kadi ya umeme ndani, mfano sabufa au runinga, usiguse kitu bado. Kapasita kubwa iliyoandikwa volti 400 au 450 inaweza kuwa na takriban volti 325. Weka mita kwenye volti za DC, pima kwenye miguu yake miwili. Ikiwa na chaji, imalize kwa balbu ya zamani ya waya, wati 40 ya volti 230, iliyofungwa waya mbili zenye ganda, ukigusisha miguu yote miwili mpaka mita isome chini ya volti 10. Usiigusanishe kwa bisibisi: cheche yake inarusha chuma machoni na kuua kadi.

Kwa karibu: nyuma ya pasi

Kifuniko cha nyuma kikitoka utaona waya tatu zimefungwa kwenye kitalu kidogo cha skrubu za kawaida. Njano yenye mstari wa kijani ni ya athi (ya ardhini) na inaelekea kwenye chuma cha pasi. Nyingine mbili zimevaa soksi nyeupe ya nyuzi za kioo. Hiyo soksi haikuwekwa kwa urembo. Inavumilia joto ambalo seloteipu ya umeme haiwezi. Ukiitupa na kuzungushia teipu, teipu itayeyuka na waya utagusa bati. Ikichanika, nunua nyingine.

Fuata waya wa laivu (unaoleta umeme) utakutana na fyuzi ya joto, kijisilinda cha ukubwa wa punje ya mchele ndani ya soksi yake. Kwenye pasi mara nyingi huwa imeandikwa nyuzi joto 240 au karibu na hapo. Ipime: nzima inasoma karibu omu sifuri, iliyokufa haisomi kitu. Weka nyingine yenye nyuzi joto na ampia zilezile, na uiunge kwa kubana kwa kiungio cha chuma. Lehemu hapana: joto la kulehemu linaweza kuiua fyuzi papo hapo, na lehemu yenyewe hulainika pasi ikipata moto. Kuna wanaoiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Pasi itawaka, ndiyo, na siku thamostati itakapong'ang'ania hakutakuwa na kitu cha kuizuia isichome nyumba. Jiulize pia fyuzi ilikufa kwa nini. Sehemu za kugusana za thamostati zikiwa zimeshikana, fyuzi mpya haitamaliza wiki.

Majagi na blenda ni mepesi zaidi. Jagi lina skrubu chini ya kitako, nyingi pembetatu au Torx ya kipini. Angalia mpira wa kuzuia maji urudi bila kukunjika. Blenda ina nne chini ya miguu ya mpira. Kisu cha blenda na kifunga panga cha feni ya mezani mara nyingi hufunguka kinyume, kwa kuzungusha kama unakaza. Jaribu upande huo kabla hujavunja.

Biti ikikosekana

Pembetatu: tafuta bisibisi ndogo ya bapa ambayo upana wake unagusa kona moja na ubavu wa mbele yake. Ikandamize, geuza polepole. Inafanya kazi kwa skrubu isiyo na kutu. Njia ya uhakika zaidi ni kuchonga bisibisi kuukuu kwa tupa iwe na nyuso tatu sawa. Tupa ikiteleza bila kukata, chuma ni kigumu, ipeleke kwenye grinda.

Torx ya kipini: weka ncha ya bisibisi ndogo ya bapa ubavuni mwa kipini, gonga kidogo kwa nyundo upande mmoja, kisha upande wa pili. Kikikatika, kitoe kwa sumaku na utumie Torx ya kawaida.

Macho mawili: ncha za plaizi ya mdomo mrefu, au bisibisi pana ya bapa iliyochongwa pengo katikati.

Yai: chukua ganda la kalamu ya biki bila wino, pasha ncha kwa kiberiti mpaka ilainike, ibane juu ya kichwa cha skrubu, subiri dakika mbili ipoe ikiwa palepale. Itakuwa imechukua umbo. Inatosha kwa skrubu isiyokazwa sana, mara moja au mbili.

Ya upande mmoja: kichwa kikiwa kimechomoza, kibane ubavuni kwa plaizi ya kujifunga uzungushe. Kikiwa kimelala sawa na plastiki, chonga mstari mpya ukivuka ule wa zamani, upate pa kushika kwa bisibisi ya bapa.

Mambo yakikwama

*Kichwa kimeshalika.* Acha kuzungusha. Weka kipande cha mpira mpana, ule wa kufungia noti, kati ya biti na tundu, kandamiza sana, geuza. Ikishindikana, pigilia biti ya Torx ya kawaida iliyo kubwa kidogo ndani ya tundu kwa nyundo nyepesi, itajichongea njia. Skrubu hiyo usiirudishe.

*Kutu.* Vifaa vya Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach na popote upepo wa bahari unapofika huota kutu mapema, skrubu zikianza. Puliza dawa ya kutu kidogo, subiri dakika 20, gonga kichwa cha skrubu mara tatu nne, jaribu tena. Plastiki ikiwa inashika chuma kwa gundi, gusisha ncha ya moto ya chuma cha kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa nusu dakika kisha fungua. Usifanye vyote viwili pamoja: dawa hiyo inashika moto.

*Skrubu inazunguka bure, haitoki.* Hesi (mikunjo inayoshika skrubu) ya plastiki imeliwa. Ingiza kadi chini ya maungio, inua ganda kidogo huku ukizungusha. Wakati wa kurudisha, ongeza kipande cha kijiti cha meno ndani ya tundu.

*Skrubu zote zimetoka, ganda halifunguki.* Kuna moja hujaiona, rudi hatua ya 3. Isipokuwepo, ni klipu.

*Ndani kumejaa mende au sisimizi.* Safisha kwa brashi kavu na spiriti. Maji hapana.

*Wakati wa kufunga, skrubu inaingia upande.* Izungushe kinyumenyume kwanza mpaka uhisi imedondoka kwenye hesi yake ya zamani kwa mlio mdogo, ndipo ukaze kwa vidole. Rudisha skrubu zilezile za usalama, hasa nyumba yenye watoto.

*Kinawaka, lakini breka inakata au unahisi mchonyoto ukigusa chuma.* Chomoa hapohapo. Waya umebanwa na ganda au soksi haikurudi. Kwa kweli kipimo hiki fanya kila mara kabla ya kuchomeka kifaa ulichokifungua: mita kwenye omu za juu kabisa, ncha moja kwenye pini ndefu ya athi, nyingine kwenye kila pini fupi kwa zamu, swichi ikiwa imewashwa. Mita isisome kitu. Kisha, kifaa kikiwa na waya wa athi, pima athi na chuma cha nje cha kifaa: hapo isome karibu sifuri. Kimoja kisipokuwa hivyo, fungua tena, na plagi isikaribie soketi.